Matofali ya Tanuri la Mama

Mama alikuwa na tanuri lake la kukaushia tumbaku nyuma ya nyumba yetu, kijijini Midia, nje ya mji wa Koboko. Matofali aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, kiangazi kizima. Jani lililochumwa asubuhi lilitakiwa liwe limetundikwa ndani kabla ya giza, moto unawaka. Likichelewa, linaoza.

Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, miaka ile ya serikali ya kijeshi, ushirika wa wakulima wa tumbaku ulipoitisha mkutano. Mwenyekiti alikuwa mjomba, mdogo wake mama wa tumbo moja. Kwa kuwa tulichanganyika Wakakwa, Walugbara na Wanubi wa Koboko mjini, alisema Kiswahili.

"Sasa shamba iko moja, kitalu iko moja, tanuri iko moja. Kila mutu abomoe yake, alete tofali."

Nikauliza, "Na mtu akitaka kujitoa, atarudishiwa matofali yake?"

"Sikia musomi ya Kampala!" mzee mmoja wa Kinubi akadakia. "Bibi arusi bado kufika, yeye nauliza talaka!"

Watu wakacheka, mama pia. Nilimsihi angoje msimu mmoja aone. "Ni ndugu yangu," alisema, kana kwamba hilo lilikuwa jibu, akaenda kuazima sululu.

Tanuri la ushirika likasimama, kubwa, kando ya barabara ya Arua. Siku ya kuchuma tulifika na jani la mama vichwani, tukakuta tanuri limejaa tumbaku ya maofisa wawili wa jeshi, walioingizwa uanachama baada ya ujenzi kwisha. Uliofuata kwa zamu ni mzigo wa mjomba.

Mama alimwomba kwa Kikakwa, kwa upole, kama anavyosemeshwa mtu uliyembeba mgongoni utotoni. Mjomba akamjibu kwa Kiswahili, watu wakisikia.

"Mama, ngoja laini kama wengine."

Alimwita mama, kama ambavyo angemwita mwanamke yeyote sokoni.

"Basi nipe matofali yangu."

"Tofali yako iko wapi? Onyesha mimi."

Ukuta ulikuwa umeshapigwa lipu.

Jani lilipata joto likaanza kunuka. Tulilimwaga shambani. Msimu uliofuata mama alipanda muhogo, maana muhogo hukauka juani bila ruhusa ya mtu.

Krismasi mjomba alikuja. Mama alimchinjia kuku, akanituma nimpelekee sahani, naye akabaki jikoni mpaka mgeni alipoondoka.