Mkono wa ugali haujengwi kwa chuma cha lori

Moto haujawashwa bado, lakini Winrose Nabalayo ameshaanza kazi. Amesimama nyuma ya jikoni ya hoteli hapa Salgaa, kituo cha malori kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, mikono imenyooka mbele, ameshika kipande cha mti wa ufagio. Katikati ya mti imefungwa kamba, na kwenye kamba unaning'inia mkebe wa maziwa ya unga wenye mchanga ndani.

Anauzungusha mti taratibu, mkono huu kisha ule. Kamba inajiviringisha na mkebe unapanda. Ukifika juu anaurudisha chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto bila kumwamsha.

Upande wa pili wa ua, utingo mmoja anapiga mswaki kando ya lori lake.

"Mathe, hicho kisima chako mbona hakitoi maji?" anauliza.

"Kinatoa ugali," Winrose anamjibu bila kugeuka. "Ngoja saa sita utaonja."

Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Lakini mapema mwaka huu hakukuwa na kicheko. Mkono wake wa kulia haukuweza hata kufungua kifuniko cha chupa ya chai.

Winrose, mwenye umri wa miaka 42, ni mzaliwa wa Kimilili na amesonga ugali katika hoteli hii kwa miaka tisa. Usifikirie ugali wa nyumbani. Hii ni sufuria ambayo mtoto wa chekechea anaweza kuogea ndani, na mwiko wake ni mrefu kama mpini wa jembe. Madereva wanaopanda kutoka Naivasha na wale wanaoshuka kutoka Eldoret hawaanzi kwa kuuliza kuna mboga gani. Wanauliza, "Leo nani amesonga?"

"Watu wanadhani ni nguvu ya bega," anasema. "Bega linasukuma tu. Mwenye kazi ni hapa." Anagusa kifundo cha mkono. "Hapa ndipo unabana, unageuza, unakandamiza. Hapa pakilegea, unga unakushinda, unakuwa madonge."

Mwaka jana pakaanza kulegea. Kila jioni vifundo vilimuuma, hata kukamua nguo ikawa shida. Akaamua atafute nguvu. Wazo lenyewe halikuwa baya. Ubaya ulikuja pale alipoanzia.

Nyuma ya gereji moja kuna jim ya vijana, na mwenyewe anaitwa Quincy Ogola. Vyuma vyake ni vya malori yaliyokufa: gia, drum za breki, na ekseli moja ambayo vijana wanaiinua huku wakiangalia misuli yao kwenye kioo cha lori kilichotundikwa ukutani.

"Nilimwambia, kijana wangu, nataka mkono wa kusonga ugali," Winrose anakumbuka. "Akaniambia, mathe, nitakupa mkono wa kusonga hata lami!"

Quincy akampa zoezi analompa kila mtu: bomba lenye drum ya breki kila upande, unalitoa mapajani hadi kifuani. Siku ya kwanza alipewa vyuma vidogo. Siku ya tatu wakaongeza, kwa sababu vijana walikuwa wamemzunguka wakipiga makofi na kuimba, "Mathe! Mathe! Mathe!"

"Na mimi nani amewahi kunipigia makofi?" anasema na kucheka mpaka anashika mbavu. "Nikainua. Bomba likafika kifuani, kifundo kikapinda nyuma. Nikasikia kitu kimesema 'ta'."

Mama unayesoma hapa, simama kidogo. Huenda nawe una kijana ambaye amejaza saruji kwenye mikebe ya rangi na anainua nyuma ya nyumba, na wewe unafurahi kwamba angalau hayuko barabarani. Usimkataze. Lakini mwulize anataka mkono wake ufanye kazi gani, na nani alimchagulia uzito huo. Akijibu kwamba ni marafiki, basi huo uzito si wake.

Swali kama hilo ndilo Winrose aliloulizwa na daktari wa viungo mjini Nakuru, baada ya mkono uliovimba kufungwa bendeji. Mkono ulikuwa umeteguka. Daktari alimwambia akae mbali na sufuria kwa mwezi mzima, kisha akamwuliza, "Mama, huu mkono ukipona unataka ufanye nini?"

Winrose akachukua rula iliyokuwa mezani, akaishika kama mwiko, akamwonyesha. Kubana. Kugeuza. Kukandamiza bila kupinda.

"Daktari akaniambia, basi tutachagua mazoezi yanayofanana na hayo. Mengine waachie wenye kioo."

Hotelini, mambo yalikuwa yameshageuka. Mwenye hoteli, Mugure, alikuwa ameweka mtu mwingine kwenye sufuria, mpishi wa chapati anayeitwa Kiptum. Winrose akahamishiwa kukata sukuma wiki kwa mkono mmoja mzima. Mpishi wa sufuria analipwa shilingi 800 kwa siku, wa mboga 450. Ana binti, Natasha, aliye sekondari, na tofauti ya hizo pesa ndiyo karo yake.

Mugure hakumficha. "Mama Natasha, mimi nakupenda, lakini dereva hali mapenzi," alimwambia. "Mkono ukipona nitakujaribu siku moja, sufuria ikiwa imejaa. Ukishindwa, utabaki kwa mboga."

Bahati ni kwamba Kiptum mwenyewe hakuitaka hiyo kazi. Ugali wake ulitoka na madonge mpaka dereva mmoja akainua kipande juu na kuuliza kama hii ni chakula ama ni mawe ya kuzuia gari lisirudi nyuma.

"Mimi ni mtu wa chapati," Kiptum anajitetea. "Hiyo sufuria niliota ikinifukuza. Kila asubuhi nilikuwa namwuliza Mama Natasha, mkono unaendelea aje? Nilikuwa nauliza kwa ajili yangu!"

Mkono uliendelea polepole. Mwanzoni Winrose alikamua taulo lililolowa, basi. Akapewa kipande cha mpira wa tyubu cha kuvalisha vidole kisha kuvitanua vikivuta mpira, maana mkono unaojua kufunga tu huchoka haraka. Halafu mwiko wenyewe: analaza mkono mezani, anashika mwiko karibu na katikati, anaugeuza kulia na kushoto kama anayefunga koki ya mfereji. Ukiwa mwepesi, anasogeza mkono kuelekea mwishoni. Uzito unaongezeka bila kununua kitu.

Mkebe ulikuja mwisho, tena ukiwa mtupu.

"Nilitukana huo mkebe," anasema. "Mtu mzima kama mimi ninainua mkebe hauna kitu! Lakini nikakumbuka ile 'ta'. Kila wiki naongeza mchanga konzi moja. Mkono ukiuma vibaya, napunguza, nalala. Na kuna siku za kupumzika, sishiki kitu."

Siku ya kujaribiwa ikafika, Jumamosi, ua umejaa malori. Mugure alisimama mlangoni, mikono kifuani. Kiptum alisimama kando ameshika mwiko wa akiba na uso wa mtu aliye kanisani.

Maji yakachemka, unga ukaingia. Pale ambapo ugali huanza kuwa mzito na kuvuta mwiko, Winrose alishusha pumzi na kugeuza. Kifundo hakikupinda. Akageuza tena, akakandamiza ukingoni, akazunguka. Jasho lilimtoka, lakini mkono ulikaa kama ulivyofundishwa.

Mugure alikata kipande, akakifinya kwa dole gumba akitafuta donge. Akafinya kingine. Akala.

"Mama Natasha, rudi mahali pako," akasema. "Na wewe Kiptum, acha kutabasamu hivyo, chapati hazijipiki."

Quincy naye alisikia, akaja kula. Baadaye, sufuria nyingine ikiwa motoni, akaomba ajaribu mwiko. Mkono wake ni mnene kama paja la mtu, lakini mwiko ulimgeukia kiganjani na uji ukaruka mpaka kwenye shati.

"Mathe, hii kitu inanivuta!"

"Haikuvuti. Mkono wako ulisomea kazi ingine."

Quincy hakukasirika. Siku hizi mlangoni mwa jim yake unaning'inia mti wa ufagio wenye mkebe, na mgeni haruhusiwi kugusa ekseli kabla hajaeleza anataka mkono wa kufanya nini. "Nilikuwa nawapa watu zoezi langu," anakiri. "Sikuwa nawauliza lao." Wapishi watatu wa hoteli za jirani wameshakuja kumwona Winrose, wote wanawake, wote wanaumwa vifundo. Anatamani Jumapili jioni wawe wanakutana hapa nyuma ya jikoni, kila mmoja na mkebe wake.

Wiki hii Mugure amerudi na sufuria mpya, kubwa kuliko ile ya zamani, na mwiko wake ni mrefu zaidi. Wateja wameongezeka. Kiptum ameiangalia mara moja tu na kurudi kwenye chapati zake.

"Kesho tunaanza nayo, Mama Natasha," Mugure anasema, akiigonga ilie.

Winrose anaingiza mwiko ndani, anaugeuza mara moja, anasikiliza mkono wake.

"Kesho nitakoroga maji ndani yake," anasema. "Unga ni wiki ijayo."