Mama Hildegardi Aikagua Picha ya Loveth

Hapa Mapera, kahawa aliyoichambua mama mkwe wangu Hildegardi hairudiwi na mtu. Anakaa mbele ya kichanja cha kuanikia tangu asubuhi, vidole vinakimbia, na punje iliyotobolewa na mdudu haimpiti hata akiwa anasimulia habari za msibani. Ikimtia shaka, anaitupa.

Ndiyo maana nilimwogopa siku nilipojifungua Loveth. Alimpokea, akamtazama macho, akashika shingo iliyolegea, akafungua kiganja. Kisha akanirudishia. Kila siku nilingoja aseme, "Huyu si wetu."

Kliniki walimtoa mtoto damu, ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi hospitali ya Mbinga, Mama akasema tutakwenda wote. Ningemkatalia vipi?

Iddy, mtaalamu wa maabara, mtu wa Tanga, alimwamkia shikamoo, akatugeuzia kompyuta.

"Ndani ya damu mna vijiti hivi, vinaitwa kromosomu. Kompyuta imevikata kwenye picha kimoja kimoja, ikavipanga viwili viwili. Pasipokuwa sawa inaweka alama nyekundu."

Nyekundu ilikuwa moja tu, namba ishirini na moja. Vijiti vitatu.

"Nani kachambua?" Mama akauliza.

"Mashine, Mama."

"Ina miaka mingapi kazini?"

"Miwili."

"Mtoto mdogo huyo. Nionyeshe kabla havijachambuliwa."

Iddy akacheka, akafungua picha ya mwanzo. Vijiti vilikuwa vimetawanyika ovyo. Mama akasogeza uso mpaka karibu na kioo.

"Hapa vimepandana. Mashine yako imeviona viwili, au kimoja?"

"Viwili. Na wataalamu wamehakiki, Mama. Chembe ishirini za damu, zote hivyo hivyo."

Hakumsikiliza. Alihesabu kwa kidole, midomo ikicheza. Niliomba akute kosa. Akarudia kuhesabu. Arobaini na saba, na vinavyotakiwa ni arobaini na sita.

"Imepatia," akasema.

Nikamkumbatia Loveth, nikasogeza kiti nyuma.

"Unanikimbia?" Mama akakishika kiti changu. "Nilijua siku ile ile, mwanangu. Nilikuwa namwomba Mungu macho yangu yawe yamezeeka."

Kumbe naye alikuwa anaogopa. Miezi yote ile tumekaa jiko moja, kila mtu na hofu yake.

Akamgeukia Iddy. "Sasa anaumwa wapi?"

"Haumwi, Mama. Atachelewa kukaa, atachelewa kusema. Ila watoto wenye kijiti hiki cha ziada, moyo lazima upimwe. Daktari ameandika mwende Songea Alhamisi."

"Moyo," Mama akarudia. Akaninyooshea mikono. Nilikawia kidogo, kisha nikampa mtoto. Aliinama akaweka sikio kwenye kifua cha Loveth, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu.

Sikuthubutu kumuuliza anasikia nini.