Saumu Aliogopa Friji, Faksi Ikamlaza Friji

Bado moyo wangu wakataa. Jana tumemzika Saumu, na hapa nimeshika simu nataka kumpigia yeye, nimwambie waliyomfanyia.

Mnisamehe mwandiko, shule nimeishia darasa la nne. Lakini hili nitaliandika lilivyo. Atakayechukia na achukie.

Kwa wasiomjua: Saumu ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale. Huenda nyanyako ni yeye aliyemwosha. Alikuwa akiuza mkate wa sinia kule Makadara, na akiitwa huacha biashara papo hapo. "Niangalilieni sinia langu, kuna mgeni wa Mungu."

Mimi ni mama mwoga, mwanijua. Rukia wangu akipata mafua tu nishaanza kulia. Saumu hunicheka: "Mama Rukia, kikohozi si jeneza! Mpe tangawizi, umwache mtoto apumue!"

Yeye aliogopa kitu kimoja tu. Friji ya mochari.

"Mtu akitoka friji, shoga, mkono haukunjiki hata umbembeleze vipi. Na wanawe wakimgusa washtuka. Mimi nikifa nizikeni siku ile ile. Usiniache nikalala friji."

Nikamwambia, "Nyamaza, wewe ndiye utakayeniosha mimi."

"Wapi! Waoga hawafi haraka."

Juzi asubuhi kifua kikambana. Tukamkimbiza kliniki moja ndogo upande wa Mbaraki. Daktari alijitahidi, sitamsingizia. Jua halijapanda, Saumu keshatutoka.

Inna lillahi. Kifo ni haki, sikigombi. Ninachokigomba ni kilichofuata.

Kaburi lishaanza kuchimbwa. Sanda ishakatwa. Msikitini washatangaza, maziko baada ya adhuhuri. Kilichobaki ni kibali cha kuzika tu, maana bila hicho kliniki haimtoi.

Tukaenda ofisi ya kuandikisha vifo, mimi na kakake, Omari. Bwana wa kaunta akatwambia siku hizi vifo vyaandikishwa kwa kompyuta. Nikasema alhamdulillahi, basi itakuwa haraka.

Kumbe! Daktari wetu hayumo kwenye sistimu. Na asiyekuwamo lazima aandike sababu ya kifo kwenye karatasi, atie saini, kisha aitume kwa faksi.

Faksi jamani! Vijana hamuijui. Ni simu kubwa inayotema karatasi.

Nikapanda tuktuk mpaka kliniki. Daktari akakuna kichwa. "Mama, faksi tuliitoa kitambo. Pale ilipokuwa tumeweka birika la chai." Akaandika karatasi, akatia saini, akapiga mhuri, akanipa. Nikarudi nayo mbio, wino haujakauka.

Bwana yule hata hakuigusa. "Hii imeletwa na mtu."

"Ulitaka iletwe na paka?" Omari akamuuliza.

"Yaweza kuwa ya kughushi. Sistimu yataka itoke kwa nambari ya faksi ya daktari."

Daktari akaipiga picha akaituma WhatsApp. Bwana wa kaunta akasema, "Picha si faksi."

Adhuhuri ikaadhiniwa tuko pale pale. Watu wakaswali, wakageuka nyuma, jeneza hakuna.

Daktari, Mungu ambariki, akaacha wagonjwa wake akaja mwenyewe. Akaweka kitambulisho chake juu ya kaunta. "Ndiye mimi. Saini ni yangu. Niulize utakacho."

Mwajua alijibiwaje?

"Daktari, mimi nakuamini. Lakini siwezi kukuingiza wewe. Nangoja faksi yako."

Lahaula! Mtu mzima yuko mbele yake, yuwapumua, na yeye yuwangoja karatasi ya mtu huyo huyo itoke kwenye mashine! Na mashine yenyewe iko nyuma yake, imefunikwa gazeti isiingie vumbi.

Nikamwambia, "Mwanangu, wewe una mama?" Akageukia kompyuta yake. "Basi siku yake ikifika, usimbebe kwa jeneza. Mfaksi mpaka kaburini."

Watu wa foleni wakacheka. Mimi sikucheka.

Ofisi ikafungwa. Kliniki haina pahala pa kuweka maiti. Wakampeleka mochari.

Saumu akalala friji.

Kulipokucha mkubwa wa ofisi, aliyekuwa safarini, akarudi. Akaiangalia karatasi, ile ile niliyoibeba kwa mkono. Akampigia daktari simu. Moja tu. Akagonga mhuri. Hata chai aliyokuwa akinywa haikupoa.

Hapo ndipo nilipokasirika zaidi. Kumbe yawezekana! Kumbe ni simu moja tu!

Tulipomleta nyumbani nilimwosha mimi. Mkono haukukunjika, kama alivyosema. Mwanawe, Mwanaisha, akamwekea mamake kiganja kwenye kipaji cha uso, akakivuta haraka kama aliyeungua. Mwanamke mzima yule, akaniangalia kama mtoto anayeuliza kosa lake nini.

Nyie mliotengeneza sistimu, kompyuta sizijui, lakini mauti nayajua. Waingizeni madaktari kwenye sistimu kabla watu hawajafa. Na daktari akija na miguu yake, mpokeeni. Maiti haina subira ya kuwangoja nyinyi mfunue gazeti.

Na nyinyi mnaosoma, msiniandikie "pole" mkapita. Muulizeni daktari wenu leo kama yumo kwenye hiyo sistimu. Leo, si siku ya msiba.

Saumu, shoga yangu. Nilikumiminia maji ya moto kuliko ulivyokuwa ukiruhusu. Ungekuwepo ungenigombeza, "Wamchemsha mtu wewe?" Nilitaka baridi ikutoke. Haikutoka yote.

Haya, jinyooshe ulale, dada. Mchanga wa kwetu una joto.