Ngao Isiyo na Shahidi

Harufu ya ngozi mbichi ikinipata, hata leo pale Kwa Mrombo wanapochuna mbuzi nyuma ya mabanda ya nyama choma, kwanza namkumbuka fisi. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele sina. Bibi alikuwa ameanika ngozi yake ya kulalia nje, kwetu Oldonyo Sambu, upande ule wa Mlima Meru ambao mvua huupita kama mgeni mwenye haraka. Fisi akaja akaiburuta. Bibi akatoka na mwiko wa ugali, akamkimbiza hadi korongoni, akarudi na ngozi yake begani ina alama za meno. Akasema, "Fisi ana haya. Mwizi mwenye haya anafukuzika." Tulicheka mpaka ndama wakashtuka.

Ngozi ile bibi alipewa na baba, na baba ndiye ninayetaka kuwaeleza. Mnivumilie. Nilisoma hadi darasa la pili tu, na hadithi zangu hutembea kama mbuzi, jani hapa, jani kule.

Baba yangu, Saning'o, alikuwa mchora ngao. Wakati ule Uhuru ulikuwa bado mchanga, na ngao zilikuwa zimebaki za sherehe za vijana tu, lakini sisi Waarusha hatukupaka rangi ngozi ya nyati hivihivi. Kila mchoro ulisema huyu ni wa rika gani na wa ukoo upi. Ilikuwepo alama moja ya ushujaa, duara jekundu pembeni mwa ngao, ambayo mtu hakujipa mwenyewe. Ilibidi wenzake wa rika wasimame mbele ya watu, waseme, "Tulikuwepo, tulimwona," ndipo mchoraji achovye kidole kwenye udongo mwekundu uliochanganywa na damu ya ng'ombe. Bila shahidi hakuna duara. Baba alisema ngao yenye duara la uongo humtafuta mwenyewe wa kweli, na ikimkosa humchukua aliye karibu. Nilimuuliza huchukua vipi. Akaniambia nikafukuze kuku.

Siku moja akaja Bwana Utamaduni kutoka mjini. Ndivyo tulivyomwita, kwa sababu jina lake lilikuwa refu na cheo chake kirefu zaidi. Kijana, suruali imepigwa pasi, viatu vimejaa vumbi letu. Alimwamkia baba shikamoo vizuri kabisa, akanywa maziwa, akasema nchi inaandaa sherehe kubwa mjini na nembo ya taifa ni ngao, kwa hiyo inatakiwa ngao halisi, iliyochorwa na mkono halisi.

"Nasi tunataka ile yenye duara jekundu, mzee. Ndiyo inayopendeza."

"Duara ni la nani?" baba akauliza.

"La taifa."

"Taifa limefanya nini?"

"Ah, mzee! Limemfukuza mkoloni. Huo si ushujaa?"

 Niliona usoni mwa baba kitu ambacho sikuwahi kukiona. Leo ningesema ni tamaa, lakini tamaa njema, ya mtu aliyechora maisha yake yote kwa macho ya kijiji kimoja na sasa anaambiwa nchi nzima itautazama mkono wake. Akasema, "Kweli, taifa nalo ni kijana shujaa. Lakini shahidi wake nani?"

Bwana Utamaduni akacheka, akapiga kifua. "Mimi hapa! Nitasimama mimi."

Na baba akakubali. Akamkubali shahidi asiye wa rika lake, asiye hata wa kabila letu, ambaye hakuwahi kula nyama naye porini kama watu wa rika moja wafanyavyo.

Jioni ile ile Loishiye, mwenzake wa rika, alikuja. Hakukaa kwenye kigoda. Alisema akiwa wima, "Saning'o, usipake. Ukimpa duara mtu tusiyemjua, na wewe hatutakujua."

"Ni nchi yetu, Loishiye."

"Basi ije tule nayo nyama."

Mama alitaka kucheka, akafunika mdomo kwa kanga. Baba hakucheka.

Alipaka. Udongo ule ulikataa kukauka. Asubuhi duara lilikuwa bado linang'aa kama kidonda, nzi wamelizunguka, na mbwa wetu akahama kivulini pale, akaenda kulala juani. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama, alikuwa Mlutheri wa kuimba kwaya, lakini ubatizo wake ulikuwa haujafika kwenye visigino. Aliigeuza ngao ikatazama ukuta, kwa ncha ya kuni, maana wanawake hawakuigusa. Baba akaigeuza tena. Akaigeuza tena mama. 

Gari likaja kuichukua. Siku ya sherehe baba alijipaka mafuta, akavaa shuka lake jekundu jipya, akanishika mkono tukapanda lori la mahindi hadi mjini. Uwanja haukuwa mbali na mtaa wa Levolosi. Watu kama siafu, bendera kila mti. Langoni mgambo akamzuia baba kwa rungu.

"Mzee, leo hapa ni suruali. Shuka haliruhusiwi."

"Ngao iliyo humo ni yangu."

"Na mimi gari la mkuu ni langu!" Watu wakacheka. Mwingine nyuma akapaza sauti, "Mzee, mnada wa ng'ombe ni kule chini!"

Mgambo hakuwa mtu mbaya. Akauliza, "Kuna anayekufahamu humu ndani?"

Uso wa baba ukafunguka. Bwana Utamaduni alikuwa anapita hatua chache tu, akiwaongoza wageni wenye tai. Baba akanyoosha mkono. "Yule. Yule ni shahidi wangu."

Mgambo akamwita. Bwana Utamaduni akageuka, akamtazama baba, akalitazama shuka, akawatazama wageni wake. Kisha akasema taratibu, "Hapana. Simfahamu," akaendelea na wageni.

Tulitazama kupitia seng'enge. Kijana wa kikundi cha ngoma aliingia na ngao ya baba ameishika juu chini, duara likitikisika kila anaporuka. Watu wakapiga makofi. Baba alikuwa ameshika seng'enge kwa nguvu mpaka vidole vikawa vyeupe, nami nikaona kidole kile cha kuchorea kimebaki chekundu kwenye kucha.

Nyumbani wenzake walikuwa wamekaa wakinywa pombe ya asali. Baba akaketi kati yao. Kibuyu kikapita kutoka kwa Loishiye kikaenda kwa aliyefuata, kikamruka baba kama mtu anavyoruka shimo. Hakuna aliyetukana. Waliongea habari za malisho.

Kwa miaka mingi niliamini ngao ndiyo iliyomchukua. Nilimchukia Loishiye pia. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba duara halikuwa na nguvu yoyote. Ni udongo na damu. Nguvu ilikuwa kwa watu wa kusema, "Tulikuwepo, tulimwona." Baba aliwaacha waliomwona akawafuata waliopenda ngozi yake na rangi zake, na wale hawakumtaka yeye mwenyewe langoni. Akabaki katikati, hana wa kusimama upande huu wala ule. Mtu wa kwetu akifika hapo, hata mauti yake hayana wa kuyatangaza. Siku hizi naiona michoro ile kwenye fulana na kuta za hoteli, na wajukuu wangu husema ndiyo utamaduni wetu. Siwabishii. Wanajivunia, na kujivunia si dhambi.

Asubuhi moja, siku chache baada ya kibuyu kile kumruka, nilikuwa zizini nikinywesha ndama. Baba akatoka ndani, hana ngao, hana hata fimbo. Akasimama karibu nami.

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa, baba."

Akamgusa ndama mmoja kichwani, akaruka ua, akashika njia ya kaskazini inayoshuka tambarare. Nilidhani anakwenda kuangalia nyasi. Nikaendelea kunywesha. Nilipoinua macho alikuwa mdogo kama kijiti, halafu vumbi. Hakurudi.