Vibao Vilivyooshwa

Mtunza miche alirudi kutoka kazini akakuta vibao vya majina vya makopo yake ya miche vikimetameta. Vyote sita vilikuwa vimeoshwa na kuchomekwa wima, kila kimoja katika kopo.

"Nimekuoshea," alisema mama mkwe kutoka jikoni. "Tope lote lile, mgeni akija tuseme nini?"

"Asante, mama. Ulivirudisha vilevile?"

"Kila kopo lina chake."

Hilo halikuwa jibu. Makopo hayo aliyaleta nyumbani kwa sababu paa la kitalu lilikuwa likiezekwa upya. Matano yalikuwa na yungiyungi la bondeni, linalojiotea kwenye kila mtaro. Moja lilikuwa na yungiyungi la kilimani, na kilima chenyewe kilishapasuliwa kikawa kokoto. Jingine la aina hiyo halikujulikana lilipo popote. Kwa majani, aina hizo mbili ni shilingi kwa ya pili. Hazitofautishwi mpaka ua lifunguke: la bondeni chavua yake njano, la kilimani kahawia.

Na kesho yake bosi wa kitalu alikuwa aje kulichukua la kilimani.

Amwambie nini mama mkwe? Ndiye aliyemlelea watoto, na ni mtu wa kususa chakula kwa neno moja. Bosi alipofika, mtunza miche alisema, "Vibao nimevichanganya mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi yakae mpaka yachanue. Likipotea hilo, sijui nitakutetea vipi."

Jikoni, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ikanyamaza.

Tangu hapo usingizi ukamruka. Mvua zikaja, vibao vikarudia tope, na yungiyungi moja likaanza kunyauka. Mama mkwe, bila kuombwa, alivuta kigoda kila asubuhi akakaa karibu na makopo. La kwanza lilifunguka njano. La pili njano.

"Huyu naye siye," alisema, kama anayekataa mposaji.

La tatu na la nne, njano. Likabaki moja lenye tumba, na lile lililonyauka.

"Kama ndilo hilo linalokufa?" mama mkwe aliuliza.

Swali hilohilo lilikuwa likimla mtunza miche tangu juzi.

Kesho yake mama mkwe alivaa viatu vya kutokea akaondoka bila kuaga. Alirudi jua likiwa utosini.

"Nimetoka kwa bosi wako. Nimemwambia ni mimi."

"Mama, ya nini tena?"

"Usinibebee mzigo wangu. Siku ile nilisikia yote. Na chakula nilikula, hukuona?"

Mtunza miche alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

Asubuhi iliyofuata tumba likafunguka. Waliinama wote wawili, vichwa vikigusana. Chavua ilikuwa kahawia.

Mama mkwe alikwenda kwenye kopo lililochanua kwanza, akang'oa kibao cha kilimani kilichokaa pasipo pake. Alishika upindo wa gauni lake ili akipanguse, akasita, akakichomeka kwenye kopo la chavua kahawia, pamoja na tope lake.