Kufuli Kwenye Boneti

Mama mdogo wangu ana gari yenye kufuli kwenye boneti. Si kwa ajili ya wezi. Ni kwa ajili ya ndugu.

Kazi yake ni kusambaza mikate. Kila alfajiri anapakia bekari, anapanda mlima, anashusha duka kwa duka, ndiyo maana mtaani wanamwita Mama Mikate. Gari ni yake, kaitafuta mwenyewe. Ila analala nayo kwenye ua wa wakwe, na pale ukweni kumpenda mtu ni kumwongezea maji kwenye rejeta. Ukiegesha tu, mtu kashika jagi.

Bingwa wa jagi ni shemeji yake, kaka wa mumewe. Tunamwita Injinia. Hajasomea, jina kajipa mwenyewe siku alipofufua feni ya sebuleni. Mama mdogo alikuwa ameweka kulanti ya pinki, yale maji ya dawa ya kupoza injini. Injinia akaja na ya kijani akaimimina juu yake. Eti rangi mbili, nguvu mbili. Jamani. Zile dawa mbili hazikuelewana, zikaganda zikawa uji wa kahawia, uji ukaziba rejeta. Gari ikachemka mlimani na mikate ndani. Ikachemka tena. Ya tatu bosi wa bekari akasema, "Ikichemka nyingine, njia nampa mtu mwenye gari."

Hapo ndipo mama mdogo alipobadilika. Akasubiri injini ipoe kabisa, maana ukifungua kifuniko cha rejeta ya moto, uso si wako tena. Akamwaga uchafu wote kwenye beseni, si mtaroni, kwa sababu ile dawa ni tamu na ni sumu, mbwa akilamba amekwisha. Akasuuza mpaka maji yakatoka meupe. Kisha dukani hakuuliza rangi. Rangi kila kampuni inatia inayoitaka, haikuambii kitu. Aliuliza aina ambayo waliotengeneza gari yake wameiagiza, akaichanganya nusu kwa nusu na yale maji ya chupa yaliyotolewa chumvi. Ya bombani yana chumvi, na chumvi inajenga magamba humo ndani kama kwenye birika.

Halafu akaenda kwa fundi wa kuchomelea, akataka komeo kwenye boneti.

"Wanakuibia betri, dada?"

"Hapana. Nina shemeji."

Nyumbani kukawaka. Mama mkwe akamwita sebuleni. "Mwanangu anafungiwa boneti kama mwizi?"

"Mama, mwizi angechukua. Huyu anaongeza."

Basi, asubuhi moja mama mdogo anatoka kuoga, anakuta kufuli liko chini, limekatwa. Injinia kasimama na mkasi wa vyuma mkono huu, jagi tupu mkono ule, anatabasamu kama kaleta zawadi.

"Shem, jana niliona maji yako yamekaa chini kidogo. Nimekuongezea."

"Yalikuwa katikati ya alama ya juu na ya chini, ndipo yanapotakiwa kukaa. Umeweka nini?"

"Maji tu ya bomba. Na ile ya kijani iliyobaki, isije ikaharibika."

Mumewe akatoka na mswaki mdomoni, akaangalia, akarudi ndani.

Mama mdogo hakupiga kelele. Hakuwasha gari pia. Akaleta beseni, akalala chini ya injini, akaanza kumwaga.

"Unamwaga yote?" Injinia kashtuka. "Shem, hii inafika mlimani na kurudi. Mikate inakungoja."

"Leo inafika. Atakayechemka nayo keshokutwa ni mimi, si wewe."

Akampigia bosi akiwa bado chini ya gari. "Bosi, leo gari yangu haitoki."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia ikichemka. Haijachemka."

Bosi akaguna. "Mikate ifike. Iletwe na nani, shauri yenu."

Aliyeipeleka ni Injinia, tusimnyime haki yake. Ana pikapu kuukuu, injini chuma kitupu, inakunywa maji ya bomba tangu mama mdogo hajaolewa. Akapanda mlima wote, akarudi anapiga mluzi.

"Haijachemka hata kidogo," akatangaza.

Nyumba nzima ikafurahi. Mama mkwe akapata pa kusimamia. "Umeona sasa? Kakuokolea kazi. Usirudishe tena kufuli."

Wengi tungekubali. Mtu kakuokoa na aibu mbele ya bosi, utamnyima nini? Ndiyo mtego wenyewe huo: mtu anakuharibia, anakusaidia, halafu unadaiwa shukrani kwa yote mawili.

"Shemeji, asante kwa mikate," mama mdogo akasema. "Sitasahau. Boneti hapana."

"Yangu inakunywa bomba miaka yote."

"Yako ni chuma, inavumilia kutu mpaka siku itakayokataa. Yangu ni alumini. Kila mtu alee mtoto wake."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe mdogo, yule wa mswaki. "Na wewe huna la kusema?"

"Mama, mimi kwenye ile gari nakaa nyuma na mikate."

Kesho yake kulikuwa na kufuli jipya, nene kuliko la kwanza. Kuna watakaosoma hapa na kusema hana adabu, kamdhalilisha shemeji. Semeni. Njia ya mlimani bado ni yake.

Injinia alikuja tu asubuhi ile, mazoea yana taabu. Kasimama mbele ya gari na jagi limejaa, analitazama kufuli, hajui aende wapi. Mama mdogo akamtupia kitambaa kupitia dirisha la gari.

"Kioo ni ruksa, shemeji."

Akanuna. Lakini alikiosha, tena vizuri.