Anayeonja Uyoga Kwanza

Jumamosi ile Wafula, mume wangu, alirudi kutoka mjengo wa Membley akiwa amejaza uyoga kwenye helmeti yake. Alikuwa fundi wa mawe, na kila mvua iliponyesha alipitia shamba la kahawa kukagua vichuguu kana kwamba ni mali yake. Mimi nilinuna, maana nilikuwa nimeshapika sukuma wiki.

"Weka hiyo kando," akasema. "Leo tunakula ya nyumbani."

Akaanza kunifundisha, kama kawaida yake, mimi niliyezaliwa huko huko kwao. Uyoga wa kichuguu una mzizi mrefu unaoshuka hadi kwenye makao ya mchwa, na kofia yake ina ncha katikati. Usio na mzizi, au wenye pete shingoni na ukijani chini ya kofia, unatupwa. Tuliukwangua udongo kwa kisu bila kuulowesha, tukauchana kwa vidole, tukaupika kwa maji yake wenyewe mpaka yakakauka. Halafu akala peke yake. Kwao aliyechuma ndiye anayeonja, na wengine wanamngoja. Niliiona mila ya kijinga hata siku hiyo, kwani uyoga mbaya unaweza kukaa tumboni nusu siku kabla ya kuuma. Lakini yeye alitafuna polepole, akajishika shingo kwa mzaha na kuanguka kitini, hadi binti yetu Neema akalia kwa kucheka.

Wiki iliyofuata matokeo ya kura yalitangazwa, na Kiuu, mtaa wetu, ikawaka moto.

Watu wenye silaha walipita mlango kwa mlango wakiuliza majina. Majina yetu, ya kabila jingine, yalitosha. Jirani yetu, Mama Njoki, alitupitisha uani kwake, akatupa sufuria, kiberiti, chumvi na unga kidogo.

"Endeni huko kwa kahawa. Msirudi mpaka niwaite. Ngai, Mungu wangu, harakisheni!"

Tulilala kwenye mtaro katikati ya mibuni. Risasi zilisikika upande wa barabara ya Thika. Unga uliisha. Neema akaacha kuomba chakula, na hilo lilinitisha kuliko risasi.

Mvua ikanyesha. Asubuhi Wafula alirudi na uyoga uliofungwa ndani ya shati.

"Moshi utatuonyesha," nikamwambia.

"Na mbichi utamuumiza mtoto. Washa."

Maji ya uyoga yalikataa kukauka. Nilipuliza moto huku nikitazama juu. Hatimaye Wafula akala, nasi tukamngoja. Safari hii hakujishika shingo. Neema alikuwa ameshikilia sufuria kwa mikono yote miwili.

Tukasikia sauti za watu.

Wafula akamwaga udongo juu ya moto na kutusukuma chini ya mibuni.

"Usimpe bado," akanong'ona. "Ngoja nirudi."

Akakimbia kuelekea mtoni akipiga kelele, makusudi, wamsikie.

Wakamfuata.

Risasi ililia mara moja.

Nilibaki na sufuria na mtoto mwenye njaa. Tulipaswa kumtazama aliyeonja, na aliyeonja hakuwepo. Nilingoja mpaka nilipoona midomo ya Neema inatetemeka. Nikala mimi, nikakaa kidogo, kisha nikampa. Ulikuwa uyoga mzuri, mtamu kabisa, na niliuchukia kwa utamu wake.

Mama Njoki ndiye aliyemtambua Wafula kando ya mto, na ndiye aliyetafuta gari la kumpeleka kwao akazikwe. Sijawahi kupata neno la kumshukuru linalotosha.

Neema sasa ameolewa, anaishi Membley. Nikimtembelea huninunulia uyoga wa pakiti, anajua mama yake anapenda kuupika. Mumewe hutaka kuanza mara moja, huniambia:

"Mum, hizi ni za supermarket. Ziko sawa."

Mimi hula kwanza. Neema huweka kijiko chini, akanishika mkono, na haniachii mpaka chakula kipoe.